Madirisha Aliyoyapigilia Abdulqadir

Siku ya tatu bila umeme, Mwanamkisi alifungua chumba cha misahafu, na pua ikampa habari kabla ya macho. Uvundo. Kipimo cha unyevu, ambacho kiyoyozi kilipofanya kazi hakikuvuka sitini, kilisoma themanini na sita. Juu ya msahafu aliouandika babu wa babu yao kwa mkono wake, kuvu nyeupe ilikuwa imetanda kama unga.

Kakake Abdulqadir alipanda ngazi mbio. Ndiye aliyeleta kiyoyozi, akapigilia madirisha kwa mbao na kuyaziba kwa gundi, upepo wa chumvi usipenye. Aliunyakua msahafu.

"Nipisha niupeleke darini, juu peupe. Yua litaua kuvu."

Mwanamkisi alisimama mlangoni. Maisha yake yote hakuwahi kumzibia kakake njia.

"Litaua kuvu, na ngozi itapasuka. Uweke, kaka."

"Hii ni amana ya baba!"

"Aliniachia na mimi. Uweke."

Mwanamkisi alichukua kipimo, akapanda nacho darini, akakiweka kivulini. Dakika kumi zilikuwa ndefu. Chini alimsikia Abdulqadir akitembea huku na huku. Aliporudi alimwonyesha: sitini na nne.

"Nje ni kukavu kuliko ndani. Ikifika jioni unyevu utarudi. Fungua madirisha sasa."

Abdulqadir aligusa mbao alizozipigilia. Alikuwa ameisifia kazi ile kwa mtaa mzima.

"Chumvi itaingia."

"Chumvi yala kwa miaka. Kuvu hii haitangoja kesho."

Abdulqadir aliulaza msahafu mezani, akashuka. Mwanamkisi akadhani ameondoka kwa hasira, akaanza kuing'oa mbao ya dirisha kwa kucha. Kisha akasikia nyundo ikigonga ngazi. Abdulqadir alikuwa akipanda, nyundo na patasi mkononi.

Mbao ya kwanza ilipobanduka, ukuta nyuma yake ulikuwa ukitoa jasho. Upepo ukaingia. Wakajifunga vitambaa mdomoni, wakasogeza makabati mbali na kuta, wakasimamisha vitabu kurasa wazi, wakipangusa kuvu kwa brashi laini.

Alasiri kipimo kilisoma sabini na moja. Nyuma ya kabati la mwisho wakakuta juzuu moja imegandana, haifunguki.

"Baba alinisomesha kwa hii," Abdulqadir alisema. Aliishika kwa mikono miwili, muda mrefu.

Mwanamkisi akaitandikia kitambaa kikavu kando ya vitabu vingine. Hakumwambia kama itapona; hakujua.

"Kesho tufungue saa ngapi?" kakake akauliza.

"Yua likishapanda. Nawe uye mapema, dirisha la uani bado limezibwa."