Majina Matano ya Bi Mabrouka

Pale chuoni Gabes, kusini mwa Tunisia, walimtania Dorsaf Mejdoub kwamba ndiye msomi pekee anayelipwa kwa kutosoma. "Sisi wengine tunasoma makala," Anis wa kitengo cha kompyuta alipenda kusema, "mwenzetu anasoma mikia tu." Na kweli, kazi ya Dorsaf ilianzia mwisho wa makala, kwenye marejeo, pale mwandishi anapowataja wale aliojifunza kwao. Aliyakusanya marejeo hayo kwa maelfu, akayapanga kwenye kompyuta mpaka ikaonekana nani kamnukuu nani, wazo lilizaliwa wapi, likapita mikononi mwa nani, likaota mizizi nchi gani. Somo hilo huitwa upimaji wa machapisho. Wengi waliliona kama kazi ya karani aliyejipa udaktari, na Dorsaf, mhadhiri mchanga wa idara ya ukutubi, alikuwa ameshazoea kucheka pamoja nao.

Majira ya joto yalipokuwa yanakwisha, Profesa Hichem Zouari alimwita ofisini kwake. Huyu ndiye aliyesimamia utafiti wote wa chuo, na mwenyewe alikuwa bingwa wa udongo, mtu wa kualikwa kila mahali.

"Binti yangu," alimwambia, "baraza linataka kujua vituo vyetu vipi vinajulikana duniani na vipi vinakula bajeti bure. Nitengenezee ripoti. Anza na kile kituo cha ardhi ya chumvi, pale Chenini."

Dorsaf alielewa. Ilishavuma kwamba kituo kitafungwa, na kiwanja chake katikati ya mitende kipewe maabara mpya.

"Na kama kinajulikana, Profesa?"

Zouari alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. "Nionyeshe, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini chumvi ya udongo ndiyo kazi yangu, na sijawahi kumwona mtu aliyenukuu kitu kutoka kule."

Dorsaf alipotafuta jina la kituo kwenye hifadhidata, majibu yalikuwa ya kutia huruma. Makala chache, nukuu chache. Angeweza kuandika ripoti ukurasa mmoja akaenda kunywa kahawa. Ila alikuwa na tabia ya kuchora ramani kabla ya kuandika lolote: kila mwandishi nukta, kila nukuu uzi. Akachora ramani ya utafiti wote wa udongo wa chumvi, dunia nzima, na kuitazama kukamfanya akunje uso.

Katikati, pale nyuzi zilipotakiwa kukutana kwenye nukta moja kubwa, palikuwa na vinukta vidogo vimetawanyika, kama vipande vya chungu kilichoanguka. Waandishi wa China, Hispania na Asia ya Kati walikuwa wakivinukuu vile vile, tena mara nyingi kwenye sentensi moja. Akasoma majina: Guedri, Kadri, Qadri, Gadri, Laabidi.

"Anis, hebu njoo. Soma haya majina kwa Kiarabu."

Anis akainama, mdomo umejaa mkate. "Manne ya mwanzo ni jina moja. Kila mtu kaandika alivyosikia."

"Basi ni mtu mmoja!"

"Wee! Akina Kadri wamejaa nchi hii kama mizeituni. Ukiwaunganisha kwa sababu ya jina tu, Zouari atakutafuna mbele za watu, na mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele."

Alisema kweli, na Dorsaf alijua. Kesho yake akaenda Chenini. Mkuu wa kituo, mtu aliyekwisha kukata tamaa mpaka ameanza kufunga vitabu kwenye maboksi, alimwelekeza nyumba ya mtafiti aliyestaafu, Bi Mabrouka. Alimkuta uani, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mtu wa shamba, akianika majani ya mlenda juu ya shuka.

"Chuo kimekumbuka nini leo?" Bi Mabrouka aliuliza bila kuacha kazi. "Mara ya mwisho walitaka niwarudishie ufunguo."

"Nimekuja kukuuliza majina yako, bibi."

"Ninalo moja. Keti, ukanyage taratibu, hiyo ni mboga ya mwaka mzima."

Dorsaf akaweka kompyuta juu ya kreti la makomamanga. "Guedri ni wewe?"

"Ni mimi. Karani wa vizazi alisikia hivyo, akaandika hivyo."

"Kadri?"

"Jarida moja la Ufaransa. Mhariri alisema Guedri inamkwama kooni."

"Qadri?"

"Waingereza hao. Walitaka herufi zifuate Kiarabu sanifu."

"Na Laabidi?"

Bi Mabrouka akacheka, akafuta macho kwa kiwiko. "Hapo nilikuwa bi harusi, mwanangu. Nilikuwa bado nampenda mume wangu kuliko jina langu."

"Gadri?"

Mikono yake ikasimama. "Gadri ni Tashkent, kule Asia ya Kati. Mkutano. Nilikuwa na mimba ya Sonia, nilitapika ndege nzima. Walichapa kijitabu kwa haraka, hata nchi niliyotoka hawakuitaja. Umekitoa wapi? Sikudhani kuna mtu aliyekiona."

Dorsaf akamwonyesha makala nyingine iliyobeba jina la M. Kadri. Bi Mabrouka akasogeza uso. "Magonjwa ya fizi? Itoe hiyo! Huyo ni mganga wa meno wa watu. Usinipe meno ya mtu mwingine."

Dorsaf alifurahi kuliko kama angekubaliwa yote. Hata hivyo hakutosheka na maneno. Walikaa mpaka jua likapita juu ya mitende, wakipitia makala moja moja: waandishi wenza, vipimo vya maji, picha za mashamba. Ndani ya kijitabu cha Tashkent mlikuwa na jedwali la shamba la Hadj Laabidi, naye Hadj Laabidi alikuwa baba mkwe wa Bi Mabrouka, na shamba lenyewe lilionekana pale pale, nyuma ya ukuta wa ua. Ushahidi gani tena? Dorsaf akaviunganisha vinukta, akaondoa kila mahali Bi Mabrouka alipojinukuu mwenyewe, kisha akaiacha kompyuta ichore upya.

Nukta iliyojitokeza ilijaa katikati ya kioo. Nyuzi zilitoka kwake pande zote kama miale.

"Hizi nyuzi ni nini?" Bi Mabrouka aliuliza.

"Watu waliojifunza kwako."

"Huyu yuko wapi?"

"Hispania, Almería."

"Na huyu?"

"China, kwenye bonde la Mto Manjano. Wanaosha chumvi mashambani kwa njia yako, bibi. Maji kidogo, kwa awamu, usiku wa baridi. Wameandika hivyo."

Bi Mabrouka akainuka. Aliingia ndani, maji yakasikika yakimwagika, akarudi uso umelowa, mkononi sahani ya mkate na harisa ya pilipili. "Kula," alisema. Kisha akaongeza: "Nilistaafu nikijua nimeongea na ukuta maisha yangu yote."

Siku moja kabla ya kikao cha baraza Zouari alipiga simu. "Nasikia unaunganisha watu. Ripoti ifuate hifadhidata ilivyo, Dorsaf. Usiniletee hadithi."

"Hifadhidata imekosea, Profesa. Nikiiandika ilivyo, nitakuwa nimeandika uongo wenye tarakimu."

Simu ikakatwa. Dorsaf akarudisha simu mahali pake, akaifungua tena ramani. Alikuwa hajamwambia mtu kitu kimoja alichokiona kwenye ramani, uzi mmoja mnene kuliko yote, na alikuwa anaogopa mahali ulikoishia.

Ukumbi ulijaa. Alimweka Bi Mabrouka kiti cha nyuma, kama mgeni wake. Alionyesha kwanza ramani ya vinukta, kisha ile ya nukta kubwa, na minong'ono ikapita safu hadi safu. Zouari akanyoosha mkono.

"Kwa mtindo huu, ukiwakusanya akina Kadri wote wa Tunisia utatupatia mshindi wa Nobel."

Watu wakacheka. Anis, kwenye kiti cha mbele kama alivyoahidi, alijishika kichwa.

"Ndiyo maana nimemtoa daktari wa meno," Dorsaf alijibu, na safari hii wakacheka naye. Akawaonyesha waandishi wenza, vipimo, na shamba la Hadj Laabidi likijirudia makala baada ya makala. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa. "Profesa, naomba ruhusa nifuate uzi mmoja tu."

"Fuata."

Akarudi kwenye ramani ya vinukta, akabofya Gadri. Ule uzi mnene ukawaka, ukapanda, ukaishia kwenye nukta iliyoandikwa Zouari.

"Hii ni makala yako iliyokupa jina, Profesa. Ukurasa wa pili umeandika: tunafuata njia ya Gadri."

Zouari alisimama polepole, macho kwenye pazia la picha. Dorsaf alingoja hasira. Haikuja.

"Gadri ni Mlibya," Zouari alisema, kama anayejisemea. "Kijitabu hakikutaja nchi, nikamkisia kwa jina. Nilimtafuta bwana yule. Niliandika Tripoli, niliandika Benghazi. Wakaniambia huenda alishafariki."

"Hajafa," sauti ikatoka nyuma. "Alikuwa Chenini anaanika mlenda."

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Mwanamke mmoja wa maktaba akapiga kigelegele, wa pili akadakia, na mara ukumbi mzima wa watu wazima wenye shahada ukageuka nyumba ya harusi. Zouari alipita katikati ya viti mpaka nyuma, akainama, akambusu Bi Mabrouka kichwani kama mtu anavyombusu mama yake.

"Nawafundisha wanafunzi jina lako tangu nina nywele nyeusi," alisema, "na kila asubuhi napita mlangoni kwako kwa gari."

"Nafahamu. Unatutimulia vumbi."

Alirudi mbele mwenyewe, akachukua kipaza sauti, akaliambia baraza kwamba pendekezo la kukifunga kituo alilileta yeye na analiondoa yeye. Kisha, kama alivyokuwa ameahidi ofisini kwake, akaanza kupiga makofi, uso ukiwa umeelekea kwa Dorsaf. Baraza likainuka. Dorsaf alishindwa kujua mikono aiweke wapi. Alimwona Anis amesimama juu ya kiti, anapiga mluzi, na akacheka mpaka machozi.

Maboksi ya Chenini yalifunguliwa. Dorsaf alipewa kitengo chake na wasaidizi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupitia idara zote kutafuta wengine waliovunjikavunjika majina kama Bi Mabrouka. Waliwapata, wengine wangali kazini, wengine makaburini. Watafiti wa Almería waliandika kuomba kuja, wakaja, wakalishwa kuskusi ya samaki mpaka wakaomba radhi.

Siku ya wageni hao Dorsaf aliwakuta wote shambani. Bi Mabrouka, sasa mshauri wa kituo, alikuwa juu ya tuta, na chini yake, suruali imekunjwa hadi magotini, Profesa Zouari alikuwa anafungulia maji kwenye mfereji.

"Si hivyo! Hatua ya pili umeikosea, na kwenye makala yako uliikosea vile vile!" Bi Mabrouka alimpigia kelele. "Punguza maji! Unataka kuzamisha mitende?"

"Mbona hukuniandikia kunisahihisha?"

"Ningekuandikiaje? Si ulishanizika Libya?"

Wahispania walicheka kabla hata hawajatafsiriwa. Dorsaf akavua viatu, akashuka kwenye tope kuwasaidia, na maji yakampita miguuni, baridi, yakielekea kwenye mitende.