Picha ya Mama ya Kutundika Maktabani

Pale kwenye jarida, wachoraji walimwogopa Mhariri wa Picha kuliko walivyomwogopa mwenye jarida. Ukimpelekea mchoro, aliuliza swali lile lile: "Huyu umemwona wapi?" Ukijibu umemtoa kichwani, umeumia. Unarudi nao mezani kwako ukaanze upya.

Miaka arobaini ya ugenini ilikuwa imempa cheo, na nyumba ya vyumba vinne ambamo kiti kimoja tu ndicho kilichochakaa. Mkono wa birika hakuwa nao. Alisomesha watoto wa watu, akawapa wageni wenzake rangi na mahali pa kuchorea. Barua za shukrani zilijaa droo mbili. Mtu wa kumuuliza kama amekula, hakuna.

Kwao alikuwa amejenga maktaba. Zilibaki wiki tatu ifunguliwe kwa jina la mama yao, marehemu wa siku nyingi, na mdogo wake wa kike akaomba jambo moja tu: picha ya mama ya kutundika ukutani. Ya kamera haikuwahi kuwapo.

"Lakini wewe unaye kichwani, kaka," alisema.

Akakubali papo hapo, kwa maringo ya fundi. Kumbe alipokaa na penseli, uso haukuja. Mtandio ulikuja, mikono ikaja, hata namna alivyokaa akichambua mchele. Usoni, patupu. Siku tisa nzima. Mwishowe akafanya wafanyavyo wachoraji wakikwama: akavua miwani, akasimamisha kioo kidogo mezani, apate mstari wa shavu tu. Si mama na mwana? Shavu likaleta jicho, jicho likaleta pua. Alipomaliza alimtambua mama yake kabisa, akalia, maskini, peke yake.

Picha ikatumwa. Ilipofika, dada akapiga simu.

"Kaka, ni nzuri sana."

"Umemwona?"

"Kwani mama alikuwa anavaa miwani?"

"Hata siku moja. Kwa nini?"

"Hapa puani kuna vishimo viwili. Kama vya miwani."

Akapeleka vidole puani. Vilikuwapo, huku na huku. Aibu ikampanda mpaka masikioni, yeye aliyezoea kurudisha michoro ya wenzake.

"Nimekosea," alisema. "Nitaichora upya leo leo. Wewe nieleze tu pua yake ilikuwaje. Hata kidogo, nipate pa kuanzia."

"Kaka, mama anafariki mimi nilikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa nakungoja wewe unionyeshe."

Walikuwa wamebaki wawili tu duniani wa kumkumbuka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa naye kichwani.

"Basi tutundike hii hii," dada akasema taratibu. "Nitaizoea."