Zamu ya Marehemu Hiza

Saa tisa alasiri, Jumatano moja ya mwaka 1974, tairi la nyuma la lori la Hiza lilipasuka kwenye mteremko kati ya Segera na Korogwe. Alikuwa amebeba mahindi ya kijiji cha ujamaa kule Mazingara. Kwa upande, lami pale iliishia ghafla, na baada yake ulikuwa mtaro wenye kina cha mtu mzima. Akasimama palepale barabarani kwa sababu hapakuwa na pengine, akakata matawi, akayatandaza nyuma ya lori, akaingia chini na jeki. Dereva wa basi lililotoka Segera aliyaona matawi akiwa ameshachelewa.

Hiza alizikwa Kwamndolwa siku ya Alhamisi. Jumamosi alikuwa kwenye mteremko uleule, matawi mkononi, akilipunguzia mwendo basi jingine lisiligonge gari dogo lililochemsha. Madereva walimsalimu kwa honi. Mkewe, Mwantumu, alimpelekea ugali na mlenda. Hakula, lakini alishukuru.

"Rudi ukapumzike," Mwantumu alimwambia. "Tumeshakusomea hitima."

"Nitarudije, mama Zamda, na gari dogo lile bado halijapona?"

Mwezi uliofuata ofisi ya barabara ilimwandikia barua ikimtaka aeleze kwa nini aliegesha njiani na kusababisha ajali. Hiza alikwenda mwenyewe, na sanda yake, akakaa kwenye benchi na mkewe mpaka jina lake likaitwa.

"Kwa nini hukulitoa lori barabarani?" aliuliza mhandisi, Bernardo.

"Ningeliweka wapi, ndugu mhandisi?"

Bernardo alikunjua ramani, akaitazama. Ukingo wa lami ulichorwa kwa mstari mmoja, na nje ya mstari hapakuwa na kitu. Akaikunja.

"Ramani imeshapitishwa," alisema.

Karani aliandika: uzembe wa dereva. Hiza akaweka dole gumba, lakini karatasi ilibaki nyeupe. Wakamgeuzia kalamu mjane.

"Siweki sahihi," alisema Mwantumu. "Mmejenga barabara isiyo na mahali pa kuharibikiwa, kisha mnamwuliza mtu kwa nini aliharibikiwa."

Bernardo alimwambia karani aandike kwamba mjane ana uchungu.

Kabla ya masika, Simeo wa Dindira alifia kwenye kona ya barabara hiyohiyo, akifunga mkanda wa injini ya gari la chai. Naye akaanza kusimama pale. Akafuata Yuditha, abiria aliyeshuka kusukuma gari. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa saba, kila mmoja mahali pake, juani na mvuani.

Ajali zikapungua. Ofisi ikaliona hilo, ikatuma barua ya kuwapongeza marehemu kwa kujitolea katika ujenzi wa taifa. Aya ya mwisho ilisema kwamba, kwa kuwa barabara sasa ina walinzi, ombi la madereva la kuzipanua kingo zake limefutwa.

Mwantumu alimsomea mumewe barua hiyo pale mteremkoni, neno kwa neno. Hiza alisikiliza mpaka mwisho.

"Wajibu hao wa ofisini," alisema, "kwamba daraja la pili la barabara hii bado halina mtu wa kulilinda."

Mwantumu hakuwajibu. Ijumaa ile gari jingine liliharibikia kwenye daraja la pili, dereva wake akagongwa, na daraja likapata mtu.