Kiti cha Mbele

Mke alikuwa ameapa mbele ya mashahidi: kwenye boti ya mumewe hapandi tena, ng'o! Injini ilikuwa ikikohoa moshi mweusi, na mara ya mwisho moshi ulimpanda kichwani akatapika juu ya gauni alilolishona kwa wiki nzima. Fundi cherehani akichafua gauni lake mwenyewe, jamani, hakuna wa kumlipisha. Tangu hapo mumewe alikwenda ziwani peke yake kila Jumapili, naye akabaki nyumbani anapiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi. Alikuwa na hamu na mumewe, lakini kiapo ni kiapo, na yeye alikuwa na kichwa kigumu kama kisigino.

Mume huyo, fundi wa friji ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu, hakubishana. Aling'oa injini, akauza tangi la petroli, akaleta mota ya umeme aliyoipata kwenye kigari chakavu cha kubebea mizigo ghalani. Betri alizichaji jikoni. Kwa miezi kadhaa mkewe alipika akiruka nyaya, akilalamika mchana kutwa, na usiku akimwachia taa ya jikoni ikiwaka ili asijikwae.

Jumapili ya majaribio alisema anakwenda kutazama tu. Alisimama gatini, mikono kifuani, pembeni yake wifi yake, dada wa Barafu, mwanamke mwembamba kama uzi na mwenye mdomo usiojua likizo.

Barafu akaingia, akakaa nyuma kwenye usukani. Papo hapo nyuma ikadidimia na pua ya boti ikainuka juu, ikabaki kidogo tu maji yaingie ndani.

"Kaka!" wifi akapiga kelele. "Unakwenda ziwani au unapaa?"

Watu wa gatini wakacheka. Mke akauma midomo. Moyo ulimuuma kuona mtu wake anachekwa, baada ya kuunguza vidole miezi yote ile akiunganisha nyaya.

"Ngoja nikuokoe," wifi akasema, akaruka akakaa kiti cha mbele. Pua ikashuka kidogo, ikagoma.

"Wewe mwenyewe huna uzito, dada yangu. Shuka."

"Basi zisogeze hizo betri huku mbele. Hata mimi muoka mikate naona kosa lako. Umezirundika zote nyuma!"

"Hakuna kosa. Hazisogei."

"Kwa nini?"

Barafu akajifanya anakaza nati iliyokwisha kukazwa. "Mbele kuna mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nilipiga hesabu na yeye akiwemo," akasema, bila kuinua macho. "Sikujua kuipiga bila yeye."

Mke alihisi uso unawaka. Mtu aliyeambiwa mara mia kwamba mkewe hapandi, amekaa miezi yote akiunda boti isiyoweza kwenda bila yeye! Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Iliyokuja ni furaha, tena ya kumfanya mtu mzima atake kurukaruka.

"Yaani umenifanya mzigo," akasema, akivua viatu.

"Mzigo ni betri. Wewe ndiye mizani."

"Na nikitapika?"

"Hakuna moshi wa kukutapisha, mama."

"Haya, wifi, toka kwenye kiti changu."

Wifi akatoka mbio, akipiga vigelegele kana kwamba anasindikiza bibi harusi. Mke akashika mkono wa mumewe, akaingia, akaketi na mwili wake wote aliojaliwa. Pua ikashuka taratibu, nyuma ikainuka, boti ikalala sawa juu ya maji.

Barafu akabonyeza swichi. Mke alikaza mwili kungoja ngurumo, ngurumo haikuja. Gati lilianza tu kurudi nyuma, na wifi aliyekuwa akipunga mkono akazidi kuwa mdogo.

Miaka yote ya injini, humu ndani walikuwa wakipigiana kelele ili wasikilizane: geuka, tazama, punguza! Mke akageuka akamkabili mumewe. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya chumbani, "Nilizichukia Jumapili za peke yangu."

Na kule nyuma, Barafu akasikia kila neno.