Shamba Jepesi

Jumanne ile, saa moja kasoro robo asubuhi, Wenceslas Mbarushimana alifungua bomba la uani kwake, akausikiliza upepo ukitoka ndani yake kwa muda wa kutosha kusali Baba Yetu, kisha akalifunga. Alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa miezi minane. Mkewe Verediane alikuwa amemtangulia shambani kupalilia viazi, na ng'ombe wao Bihogo alikuwa huko tangu alfajiri, amefungwa kwenye ukanda mpana wa majani ukingoni mwa shamba. Wenceslas alikuwa bado anatafuta jembe la pili alipomwona mkewe anarudi, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Papa Aimable," alimwita kwa jina la mtoto wao, "shamba inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Inapanda."

Alitoka akaenda kuangalia. Shamba lilikuwa limefika usawa wa vilele vya mikaratusi na lilikuwa likiendelea kupanda polepole bila kuinama upande wowote, hekta moja na nusu ya viazi vilivyoanza kutoa maua, mizizi michache ikining'inia chini yake. Verediane alieleza kwamba alikuwa amekaa ukingoni akivaa buti alipoona shamba la jirani linashuka. Alipofikiri vizuri akajua si la jirani linaloshuka, basi akateremka, kama mtu anavyoteremka kwenye pikipiki kabla haijaondoka. Bihogo hakuwahi.

Si kwamba shamba halikutoa taarifa. Udongo wa Mudende, upande wao wa Rwanda, ni wa volkano, mwepesi hata katika miaka ya neema, na masika ile mvua ilikuwa imenyesha mara nne tu. Mwezi wa tatu jembe lilianza kuingia ardhini bila sauti. Mwezi wa nne Bihogo alikuwa akitembea humo kama anayekanyaga godoro. Wenceslas alisimama mara mbili katika mkutano wa watu wa kilima akasema kwamba ardhi isiponyweshwa itaondoka, na karani akaandika: mzee anaomba mbolea.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Alizaliwa Masisi, upande wa Kongo, na ujanani alikuwa akipakia magunia ya maharage kwenye ndege ndogo zilizokuwa zikitua barabarani. Rubani mmoja mvivu alimfundisha kurusha ndege ili yeye mwenyewe apate kulala njiani. Baada ya kurudi Rwanda, Wenceslas alilima viazi na kufuga, hadi mwaka ambao mzungu mmoja mtaalamu wa pareto alifunga safari ya kwenda kwao na kutangaza kwamba anauza ndege yake ya viti viwili, yenye mabawa ya kitambaa. Wenceslas aliuza ng'ombe watatu akainunua. Akafanya mtihani, akapewa kibali cha kuruka Jumanne na Jumamosi, mradi asivuke mpaka.

Mmoja wa ng'ombe wale watatu alikuwa ametolewa na mama yake Verediane. Verediane hakugomba. Ila kwa miaka kumi na minne hakuigusa ndege ile hata kwa kidole, na kila ilipopita juu ya nyumba yeye aliingia ndani.

Kwenye soko la Mahoko, Wenceslas alijulikana kwa viazi vyake na kwa maoni yake, na mnunuzi hakuweza kupata kimoja bila kingine. Juu ya kuruka, alisema ndege ni kama ng'ombe, ukiivuta kwa nguvu inakataa. Juu ya ukame, alisema hauanzii mbinguni, unaanzia mikutanoni. Juu ya siasa alisema ni upepo wa ubavuni. Huwezi kuugombeza. Unaelekeza pua ya ndege kidogo upande unakotoka upepo, na walio chini wanadhani umepotea, kumbe unaenda moja kwa moja nyumbani. Watu walimsikiliza wakichagua viazi.

Kufikia saa tatu majirani walikuwa wamezunguka shimo. Lilikuwa shimo safi, lenye kina cha mita moja hivi, na katikati yake, kutoka ukingo hadi ukingo, lilipita bomba jeusi, nene kama paja la mtu mzima. Hakuna aliyewahi kuambiwa habari zake. Lilikuwa limelowa jasho kwa nje, kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Jirani yao Mukandayisenga, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga foleni ya madumu siku ambazo gari la maji lilipanda kilimani, aliteremka shimoni akaweka kiganja juu yake.

"Iko baridi," alisema. "Maji iko inapita."

Wote walishuka, mmoja mmoja, wakaweka viganja. Walitazama upande bomba lilikotoka, kwenye chemchemi chini ya volkano, kisha upande lilikoelekea, ziwani, ambako kulikuwa na hoteli mpya yenye bwawa la kuogelea na majani yanayomwagiliwa mara mbili kwa siku. Mukandayisenga aliacha mkono wake pale kwa muda mrefu kuliko wengine. Halafu akapanda juu, kwa sababu alikuwa ameacha maharage jikoni.

Nyumbani ndama wa Bihogo alikuwa analia. Alikuwa na wiki tatu. Kutoka juu, mama yake naye alikuwa analia, na Verediane alijua kwa sauti ile kwamba kiwele kimejaa. Bihogo hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Wenceslas alikuwa amejaribu mara moja, na alama ilikuwa bado ipo kwenye goti lake.

Verediane alichukua ndoo ya maziwa, akaisuuza kwa maji kidogo yaliyobaki, akaenda kusimama kando ya ndege.

"Bon," alisema. "Miguu naweka wapi?"

Wenceslas alimwonyesha. Alimfunga mkanda mwenyewe, akaukagua mara mbili, akakagua mafuta, akakagua mabawa, akarudi kuukagua mkanda. Waliondoka wakiteremka na mteremko wa malisho, ndoo ikiwa magotini mwa Verediane. Kabla ya kuelekea shambani Wenceslas alifanya mzunguko mmoja juu ya nyumba yao, bawa la kushoto likiwa chini. Verediane aliona bati lao, kamba ya nguo, na sufuria aliyoisahau juu ya jiwe.

"Kwa nini unazunguka hapa?" aliuliza, kwa sauti ya kuishinda injini.

"Mi naanzaka hapa siku zote."

Verediane aliitazama nyumba mpaka mzunguko ukaisha.

"Mi nilifikiri unakujaka huku kunikimbia."

"Nilikuwa nakuja kuangalia kama uko."

"Na mi nilikuwa naingia ndani."

"Nilikuwa naona mulango inafungwa," alisema Wenceslas. "Donc, najua uko."

Verediane aliigeuza ndoo magotini, akaigeuza tena. Miaka kumi na minne ni mingi, na alikuwa anaihesabu. Walipofika shambani Wenceslas alitua juu ya ukanda wa majani, akitokea chini kuelekea juu, kwa kuwa shamba lilikuwa limepanda na mteremko wake. Huko kulikuwa na baridi na kimya. Ukungu ulikuwa ukipita kati ya matuta kama wageni wanaotafuta nyumba, na kila ulipopita uliacha majani yamelowa. Verediane alichutama, akakamua. Maziwa yalijaa ndoo. Jioni ile, kabla jua halijazama, walirudi tena, safari hii ndama akiwa amelala mapajani mwake, miguu imefungwa kwa kitenge, akimnyonya kidole.

Alhamisi afisa wa ardhi alikuja kwa pikipiki. Aliitwa Ndahiro, kijana mwenye adabu aliyelelewa Karagwe, Tanzania. Alivua kofia ya pikipiki, akasalimia wote kwa mkono, akapima shimo kwa futi ya kamba.

"Mzee Wenceslas, shamba lako nimeliona kutoka barabarani. Liko vizuri. Linalonisumbua ni hili shimo."

"Shimo si yangu. Yangu iko kule juu."

"Hati inasema kilima hiki, hekta moja na nusu. Haisemi umbali kutoka chini. Hilo nitalirekebisha leo leo." Akatazama juu, akafumba jicho moja, akaandika: mita mia mbili na arobaini, kwa makadirio. Kisha akalitazama bomba. "Hili halipo kwenye ramani."

"Lakini iko," alisema Mukandayisenga.

"Lipo, mama. Ndiyo maana lazima lifukiwe. Likiachwa juani litapasuka."

"Na kama mungetufungulia kidogo tu, hapa pembeni, watu wachote?"

Ndahiro alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu wa kufikiri. "Kitu kisichokuwepo kwenye ramani, mama, hakina mahali pa kufungulia."

"Ndahiro, mwanangu," alisema Wenceslas, "ukame ya huku ilianzia mu mukutano."

"Mimi mikutano hiyo sialikwi, mzee," alijibu Ndahiro, na ilikuwa kweli. Verediane alimpa kikombe cha maziwa ya Jumanne, yaliyokwisha kuganda, akanywa akiwa amesimama, akashukuru.

Ijumaa upepo ulitoka mashariki. Asubuhi ya Jumamosi simu iliita. Alikuwa Joanita, mdogo wake Wenceslas, anayeuza vitenge Birere, mtaa wa Goma ulio ubavuni mwa mpaka.

"Yaya," alisema, kama wanavyomwita kaka huko, "shamba yako iko hapa juu ya soko."

"Unajuaje kama ni yangu?"

"Bihogo amechungulia. Na imeangusha birayi tatu, viazi yako, tumezipika. Ziko ndogo, lakini ziko tamu."

Wenceslas alimwuliza kama limeleta shida yoyote mpakani. Joanita alisema hapana. Walinzi wa pande zote mbili walikuwa wanatazama barabara, na shamba halikupita barabarani. Wanawake wa sokoni walikuwa wameweka mabeseni chini yake, kwa sababu ukungu ulikuwa unachuruzika kutoka kwenye mizizi, na kila mmoja alikuwa amepata maji ya kunawia uso. Wenceslas alikaa mlangoni mchana kutwa akingoja, maana kibali chake hakikumruhusu kuvuka, na ile ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Viazi vyote vya mwaka vilikuwa kule, na ng'ombe, na ndama. Verediane alikaa kando yake, akimenya maharage mabichi. Hakuwa amewahi kukaa naye hivyo siku ya kuruka. Saa kumi upepo uligeuka, na shamba likarudi juu ya barabara ya Gisenyi bila haraka, likasimama mahali pake. Majirani walikuja na kamba ndefu, zilizounganishwa, na Wenceslas akapeleka ncha zake juu kwa ndege. Walilifunga kwenye mikaratusi minne, na Wenceslas aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, na safari hii kazi ilikuwa kufukia bomba. Lori lilileta udongo kutoka kwingine. Kilima kizima kilitoka na majembe, Wenceslas na Verediane wakiwemo, wakafukia vizuri, wakashindilia, wakapanda majani juu yake. Mukandayisenga alifukia sehemu ile alipokuwa ameweka kiganja. Ndahiro alikuja kupiga picha, akachukua jembe naye akafanya kazi nusu saa. Halafu watu wakaketi kwa mkutano mfupi, wakakumbushwa kutumia maji kwa uangalifu.

Viazi vilikomaa katikati ya Julai. Vilikuwa vikubwa, vyekundu, na vilinukia mvua. Walivuna siku za Jumanne na Jumamosi, wakiteremsha nusu gunia kwa nusu gunia, na kila nyumba ya kilimani ilipata kikapu, hata ya Ndahiro, ambaye hakuwa wa kilima kile. Joanita alipelekewa chake kwa mkono wa mama mmoja anayevuka mpaka kila siku na karoti.

Siku ya mwisho ya mavuno walipika hukohuko juu, kwenye mafiga matatu. Wenceslas alitaka kusema neno juu ya hoteli. Kutoka pale walipokaa, bwawa lake lilionekana vizuri, dogo na la samawati kama kidonge, na majani yake yalikuwa mabichi peke yake katika nchi yote ya kahawia. Chini yao, watu waliokuwa na madumu ya njano walikuwa wamepanga foleni kungoja gari la maji. Lakini Verediane alikuwa ameshafumba macho.

"Asante, Mungu, kwa shamba," alisema. "Asante kwa ukungu. Asante kwa Bihogo na mutoto wake. Asante kwa kuinyanyua polepole, nikapata kushuka. Asante kwa Ndahiro, naye iko na watoto. Asante kwa ile ngombe ya mama yangu."

"Amina," alisema Wenceslas. Wakala viazi kwa chumvi.

Agosti ilipita bila mvua, kama Agosti zote, na Septemba ikaja nayo haikuwa na kitu. Alasiri moja Mukandayisenga alifika uani, akaketi kwenye benchi, akapokea maziwa.

"Mama Aimable," alisema baada ya kunywa, "maharage yangu imeanza kunyanyuka. Kona ya juu. Kiganja moja kutoka chini."

"Mbuzi umeshatoa?"

"Nimeshatoa."

Wenceslas aliulizwa kama ana nafasi ya kumpeleka juu. Alifikiri, akasema Jumamosi wana kazi yao, lakini Jumanne anaweza, mradi asije na mzigo mkubwa. Mukandayisenga alishukuru. Alikaa kidogo, kisha akamsogelea Verediane na kumwuliza kwa sauti ya chini kama tumbo linauma ndegeni.

"Mwanzo tu," alisema Verediane. "Kuja nikuonyeshe."

Walikwenda malishoni ilikosimama ndege. Mukandayisenga alivua viatu kabla ya kupanda, akavipanga vizuri kwenye majani, na Verediane hakumwambia kwamba si lazima. Alimwonyesha mahali pa kuweka miguu. Alimfunga mkanda, akaukagua mara mbili.

"Hii usishike. Shika hii. Na wakati inazunguka juu ya nyumba, usiogope, ni yeye tu anaangalia."

Mukandayisenga aliitikia kwa kichwa. Akakaa humo mpaka akazoea, mikono magotini, akiangalia mbele.