Pasi Sitini na Moja

Dakika ya sabini na moja Nella aliinua mkono. Beki wao wa kati alikuwa ameteleza, mbele ya Nella amebaki kipa peke yake, na mpira ulikuwa mguuni mwangu. Nilimwona vizuri kabisa. Nikageuka, nikaurudisha mpira nyuma kwa mlinzi wetu.

Pembeni, kocha Zénon akapiga kistari kwenye karatasi yake. Pasi imefika.

Wacha niseme ukweli: siku ile sikucheza mpira, nililipa kisasi. Mechi nzima Zénon huinamia karatasi akihesabu pasi, na kila Jumatatu huibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Mimi nilikuwa kiungo. Nilipenyeza mpira pale ambapo hakuna aliyetarajia. Nusu zilipotea, nusu zilizaa mabao. Yeye aliona zilizopotea tu. Siku moja akanisomea mbele ya wenzangu: pasi ishirini na tisa, kumi na nne zimepotea. Akaniambia nirudi dukani kwa baba, kule mtaani Jabe, nikajifunze hesabu. Wakacheka. Nikakaa benchi mechi sita.

Aliyenitetea ni mmoja tu, Nella wa mtaa wa Gasenyi, mshambuliaji wetu.

“Kocha, inua kichwa kwanza,” alimwambia, “umutazame mutu anavyocheza.”

Akajibiwa kwamba karatasi haina urafiki na mtu.

Basi mwenzangu aliyeshika nafasi yangu alipoumia, nikarudishwa. Nikaapa: wallahi, hesabu anazozitaka nitampa mpaka zimtokee puani. Nilitaka tufungwe, na karatasi yake mwenyewe iseme sina kosa. Nilijua siku hiyo anakuja mgeni wa timu moja ya Tanzania kumtazama Nella, ili wamsajili. Nilijua, na hasira yangu haikujali.

Tulifungwa moja bila. Pasi zangu sitini na moja, hakuna hata moja iliyopotea. Nikamkodolea macho Zénon, nikingoja uso umshuke. Loo! Uso ulimng’aa kama wa bwana harusi.

Mgeni alifika firimbi ya mwisho imeshalia, gari lilimharibikia njiani. Zénon akampa karatasi. Akaisoma amesimama, kisha akauliza Hiba ni nani. Hiba ndiye mimi.

Nella alinikuta navua viatu. Hakupaza sauti.

“Mi niliinua mukono mara tatu. We uliniona ao apana?”

“Nilikuona.”

Akachukua begi lake, akaenda zake. Hatujasemezana tena.

Sasa nacheza Tanzania, na nalipwa vizuri. Zénon, naambiwa, anaitunza karatasi ile ndani ya plastiki. Huwaonyesha wasichana wapya, akiwaambia wacheze kama Hiba. Nao wanacheza hivyo hivyo.