Wasifu wa Mdakaji wa Mikono Mitupu

Zachariah alikuwa ametoka shifti mbili mfululizo katika nyumba ya wazee huko Woodbury, Marekani, na miguu yake ilikwisha kumwandikia barua ya kujiuzulu. Hata hivyo, Jumapili hiyo mchana, mwaka 2000, alisimama makaburini katika mji jirani wa Saint Paul, suti ikimning'inia, akijiandaa kusoma wasifu wa marehemu aliyezikwa mwaka 1932.

Marehemu alikuwa baba wa Mzee Nyquist, mkaazi wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka tisini na sita. Zamani, besiboli ilipoanza kulipa mishahara, baba huyo aliajiriwa kusimama nyuma kabisa uwanjani na kudaka mipira iliyopigwa mbali, kwa mikono mitupu, kabla ya glavu kuzoeleka. Siku ya maziko mchungaji hakuitaja kazi hiyo hata kwa kikohozi. Mzee Nyquist alitaka itajwe kabla naye hajafa, na daktari alikwisha kumwambia moyo wake hauna siku nyingi.

"Soma haraka, Zack. Mimi naingia kazini saa kumi, na hii baridi itatuzika sisi wote," alinong'ona Mumbi, muuguzi mwenzake, aliyeshika kiti cha magurudumu cha mzee.

Zachariah akasafisha koo kwa heshima zote. Alikuwa ameuandika wasifu kama unavyoandikwa kwao Nyeri: kuzaliwa, ubatizo, masomo, ajira, na marehemu hana doa.

"Katika misimu mitatu," alisoma, "marehemu hakuwahi kudondosha mpira hata mmoja."

"Mwongo wewe," alisema mzee.

Mumbi akaanza kuvichunguza viatu vyake.

"Alidondosha. Mechi ya mwisho, watu wote wakiona. Wakamfukuza siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nyumbani ilikuwa mwiko kuutaja mchezo. Na wewe unamficha?"

"Mzee, kwetu marehemu hasemwi vibaya."

"Nani kasema vibaya? Vidole viwili vilikuwa vimevunjika tangu asubuhi. Akacheza navyo."

Zachariah alizitazama kurasa zake nne za sifa, alizozitunga kwa kujinyima usingizi. Akazikunja, akazitia mfukoni.

"Marehemu aliajiriwa kudaka," alisema polepole. "Alidaka mingi. Mmoja aliudondosha, vidole vikiwa vimevunjika. Akafukuzwa kazi."

Akamtazama mzee.

"Rudia," alisema Mzee Nyquist, machozi yakimtiririka. "Kwa sauti. Baba alikuwa hasikii vizuri."

Zachariah akavuta pumzi, akarudia.